Mchungaji na Kondoo wa Nyumbani Mwake

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Juma hili nataka tuingie mahali ambapo sisi watumishi wa madhabahuni hatupendi sana wageni wapaingie, nako ni nyumbani kwetu, nyuma ya sebule. Sebule mmeizoea. Mmekuja kuandikisha ndoa, mmekuja kuleta habari za msiba, mmekalia viti ambavyo chini yake imeandikwa kwa rangi namba ya mali ya usharika. Leo nasemea upande wa pili wa lile pazia, kule wanakoishi mke na watoto wa mtu mnayemwita baba mchungaji.

Na ndugu zangu Waislamu mnaosikiliza, msizime redio. Imamu naye ana nyumba yake, na yeye pia hugongewa mlango usiku wa manane. Huenda mkasikia ya kwenu humu.

Swali langu ni moja tu. Mtu aliyekabidhiwa roho za watu elfu moja, mkewe na watoto wake wanachungwa na nani?

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na watu husema hivyo huku wakicheka. Lakini kwa mchungaji si jambo la kuchekesha, kwani Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Timotheo sura ya 3, ameiweka nyumba ya mtumishi kuwa sharti la kazi yenyewe: asiyeweza kuisimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa la Mungu? Sharti hilo tunalijua wote. Tatizo ni namna tunavyolitumia. Binti wa mchungaji akipata mimba, au kijana wake akionekana kwenye kilabu cha pombe, aya hiyo inasomwa kwa sauti kubwa kikaoni. Hakuna mzee wa kanisa anayeisoma Alhamisi saa nne usiku, wakati mchungaji huyo huyo yumo katika kikao cha tatu cha siku hiyo na watoto wake wamekwenda kulala bila kumwona.

Wahubiri tunapenda sana kumtaja kuhani Eli, ambaye wanawe Hofni na Finehasi walinajisi sadaka za watu. Eli anahubirika kirahisi. Alikuwa mzee, mnene, hakuwazuia wanawe, basi hukumu ikamfika. Lakini endelea kusoma kitabu hicho hicho cha Samweli wa kwanza. Samweli alilelewa katika nyumba ile. Ujumbe wa kwanza aliopewa na Mungu akiwa bado kijana mdogo ulihusu nyumba ya Eli na wanawe wale. Hapana mtu aliyefundishwa somo hilo mapema kuliko yeye. Hata hivyo, ukifika sura ya 8, unakuta wanawe mwenyewe, Yoeli na Abiya, wamewekwa kuwa waamuzi kule Beer-sheba nao wanakula rushwa. Na huyu si Eli. Huyu ni Samweli, mtu safi, ambaye taifa zima lilikuja kukiri mbele yake kwamba hakuchukua ng'ombe wa mtu wala punda wa mtu.

Ilikuwaje? Biblia haituambii sababu, nami sitaitunga. Inachotuambia, mwishoni mwa sura ya 7, ni kwamba mwaka hata mwaka Samweli alikuwa akizunguka Betheli, Gilgali na Mispa, akiamua mashauri ya watu, kisha akirudi Rama kwa kuwa huko ndiko ilikokuwa nyumba yake. Kila nikisoma mistari hiyo namwona mtu wa ziara, mtu anayekuja nyumbani kubadilisha kanzu. Na matokeo yake hayakuishia ndani ya familia. Wazee wa Israeli walipokuja kudai mfalme, sababu ya kwanza waliyoitoa ni kwamba Samweli amezeeka na wanawe hawaendi katika njia zake. Historia ya taifa zima iligeuka kwa habari ya vijana wawili.

Sasa tumwendee Musa, maana hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Kila semina ya uongozi wa kanisa niliyowahi kuhudhuria imesoma Kutoka sura ya 18. Yethro, baba mkwe wa Musa, anafika jangwani, anamkuta mkwewe ameketi tangu asubuhi hata jioni akiamua mashauri, na watu wamesimama foleni. Anamwambia kwamba kazi hii itamchosha yeye na watu pia, achague watu waaminifu, wawe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Mwalimu wa semina anachora ubaoni, tunanakili, tunakwenda kunywa chai.

Lakini je, mmewahi kujiuliza Yethro alikuja kufanya nini? Hakuja kutoa semina. Mistari ya kwanza ya sura hiyo inasema alikuja kumrudisha Sipora, mke wa Musa, pamoja na watoto wao wawili, Gershomu na Eliezeri. Musa alikuwa amewarudisha kwa mzee huyo. Mtu aliyewavusha maelfu kwa maelfu bahari ya Shamu, mkewe na wanawe hawakuwa pamoja naye. Walikuwa wakilishwa na babu. Mzee akawachukua, akasafiri nao, akampelekea mwenyewe mahali alipopiga kambi. Na kesho yake, alipoona jinsi mkwewe anavyoshinda kazini, ndipo akatoa ule ushauri wa wakuu wa kumi na wa hamsini.

Mimi nilimaliza chuo cha theolojia bila kusikia mtu akiunganisha mambo hayo mawili. Yethro hakuwa mtaalamu wa utawala. Alikuwa baba wa binti. Alijua vema kwamba kama Musa ataendelea kuketi pale tangu asubuhi hata jioni, Sipora na watoto aliowaleta watakuwa wamefika kambini bila kumfikia mtu waliyemfuata. Ule mpango wa wakuu wa hamsini, ambao leo tunautumia kupanga jumuiya za nyumba kwa nyumba na kamati za ujenzi, ulibuniwa na mkwe aliyekuja na watoto.

Nije karibu na kwetu. Pale Ujiji, Kigoma, pana kumbukumbu ya David Livingstone, mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871. Watoto wa shule wanafundishwa juu ya safari zake, na ni kweli alikuwa mtu wa ajabu, na vita yake dhidi ya biashara ya watumwa inastahili heshima. Wachache wanafundishwa habari za nyumba yake. Mwaka 1852 alimpandisha mkewe Mary na watoto wanne melini pale Cape Town, wakaenda Uingereza, yeye akarudi bara. Walikaa kule zaidi ya miaka minne wakihamahama, wakiishi kwa fedha haba. Baadaye Mary alimfuata mumewe kwenye mto Zambezi, akafariki kwa homa pale Shupanga mwezi Aprili 1862. Mwana wao mkubwa, Robert, alikuja hadi Afrika ya Kusini akitaka kumfikia baba yake, asiweze. Akaishia Marekani, akajiandikisha katika jeshi la kaskazini kwa jina ambalo si lake, akafa akiwa mfungwa wa vita mwaka 1864, kijana mdogo tu. Livingstone mwenyewe, katika uzee wake, aliandika kwamba jambo moja alilolijutia ni kutocheza na watoto wake walipokuwa wadogo. Jioni alikuwa amechoka, na mara wakawa wamekua.

Sisemi kwamba asingekuja Afrika. Nasema tu kwamba gharama ya utumishi wake ilimwangukia Mary, ikamwangukia Robert, ambao hawakuulizwa.

Basi tuje hapa Dar es Salaam. Juma la mchungaji wa mjini likoje? Jumapili ibada ya kwanza huanza saa 12 na nusu asubuhi, kisha ya pili, na mahali pengine ya tatu. Baada ya ibada pana mnada wa kuku, mayai na mikungu ya ndizi iliyotolewa sadaka, halafu kikao cha wazee, halafu ubatizo wa mtoto wa fulani ambao haufai kukosa chakula chake. Jumatatu inaitwa siku ya mapumziko, lakini msiba hausomi kalenda. Katikati ya juma ni wagonjwa Muhimbili, mafundisho ya kipaimara, ibada ya jumuiya, kamati ya fedha. Jumamosi ni arusi, na katika miezi ya arusi zinaweza kuwa mbili au tatu. Kati ya hayo yote iweke foleni ya kutoka Mbagala hadi Mwenge.

Halafu simu ya mkononi. Zamani mtu aliyemtaka mchungaji usiku ilimbidi avae viatu, atembee, abishe hodi, apambane na mbwa. Mwendo ule ulikuwa unachuja. Aliyefika alikuwa kweli na mgonjwa mahututi, au na jambo zito. Leo mtu anapiga simu saa tano usiku kuuliza kama kesho kwaya ya vijana itavaa sare ya bluu. Mchungaji asipopokea, ana kiburi. Akipokea, chakula kinapoa na mtoto aliyekuwa akimsimulia habari za shule ananyamaza.

Mzee mmoja aliyenitangulia katika kazi hii, sasa ni marehemu, alikuwa na desturi yake. Kofia yake ya kulimia ilitundikwa kwenye msumari barazani. Jumatatu kofia haikuwapo, nayo baiskeli haikuwapo, na watu wote walijua mzee yuko shamba na mkewe. Aliyetaka kumfuata alikwenda hadi shamba, akapewa jembe. Nasikia wengi waliona jambo lao linaweza kusubiri hadi Jumanne.

Sasa mama mchungaji. Usharika unapoletewa mchungaji mmoja huamini kwamba umeletewa watumishi wawili kwa mshahara wa mmoja. Mama ataongoza umoja wa wanawake, atapika wageni wa jimbo wakija, atamsikiliza mwanamke aliyepigwa na mumewe, atavaa vizuri lakini si vizuri sana. Hakuna chuo kilichompa cheti cha kazi hiyo wala barua ya ajira inayomtaja. Mahakama zetu zimetutangulia hapa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali inayochumwa na wawili. Kama majaji waliona hivyo katika ndoa iliyovunjika, sisi katika ndoa zinazosimama tunashindwa nini kuona?

Na kama mama huyo ana kazi yake, mathalani ni mwalimu wa shule ya msingi, tatizo linaongezeka. Uhamisho wa mume unakuja kwa barua ya dayosisi. Uhamisho wa mke uko mikononi mwa serikali, halmashauri hii imwachie na ile impokee. Barua hizi mbili hazijuani. Mume anaripoti kituo kipya mwezi Januari, mke anabaki na darasa lake na watoto, na familia inakaa mikoa miwili kwa mwaka, hata miwili. Kisha tunamweka mchungaji huyo afundishe semina ya ndoa.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji miaka ya 1990, na madhehebu mengine kadhaa nayo yana wachungaji wanawake. Hapo pana jambo la kuchekesha kidogo. Mume wa mchungaji mwanamke hatujui hata kumwita. Hakuna anayemtegemea aongoze kikundi cha wababa, wala kumchungulia shati alilovaa, wala kumpikisha askofu akija. Anaachwa afanye kazi yake kwa amani. Nawauliza akina mama wachungaji mnaonisikiliza: mngependa amani ya namna hiyo?

Ndugu zetu Wakatoliki tangu zamani walilifunga suala hili upande mmoja; Mtaguso wa Pili wa Laterani, mwaka 1139, ulitamka kwamba ndoa ya padri si ndoa. Sisi tuliochukua njia ya Luther, aliyemwoa Katharina von Bora mwaka 1525, tulichagua kuwa na mke na watoto kanisani. Tukishachagua, basi tuwatunze.

Juu ya watoto nitasema machache, kwa kuwa wenyewe wamechoka kusemwa. Mtoto wa mchungaji hakuweka kiapo chochote madhabahuni. Akicheza mpira Jumapili mchana si kashfa. Akishika namba 38 darasani ni suala la hesabu, si la imani. Na wenzangu wahubiri, tafadhali, tusiwafanye watoto wetu mifano katika mahubiri bila ya kuwauliza. Binti wa miaka kumi na minne akisikia kanisa zima likicheka kisa chake cha jana jikoni, keshokutwa hatakuwa na kisa cha kukusimulia.

Nimeliacha la mwisho kwa makusudi, kwani ndilo zito.

Mchungaji anaishi katika nyumba ya kanisa. Watu husema, ana bahati, halipi kodi ya nyumba. Ni kweli. Lakini hesabu pamoja nami. Mwalimu aliyeanza kazi mwaka ule ule alinunua kiwanja kidogo nje ya mji, akaweka matofali kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ule lenta. Baada ya miaka thelathini ana vyumba vitatu na bati. Mchungaji kwa miaka hiyo hiyo amehamishwa mara sita au saba, kila mahali amekuta nyumba tayari, na kila mahali ameacha miembe aliyoipanda. Siku ya kustaafu anakabidhi funguo. Anakwenda wapi?

Utaniambia ana mafao ya NSSF. Tuyatazame. Mchango wa kila mwezi ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hawezi kukatwa zaidi ya nusu yake. Mshahara wa mchungaji wengi mnaujua ulivyo mdogo. Sehemu kubwa ya maisha yake inabebwa na ukarimu wenu: jogoo, debe la mchele, bahasha ya Krismasi, ada ya mtoto iliyolipwa na Mkristo mmoja mwema. Mungu awabariki kwa hayo. Lakini mfuko unahesabu mshahara, hauhesabu jogoo. Ukarimu wote huo siku ya kustaafu hauonekani kwenye karatasi.

Na hapo bado mchungaji yu hai. Akifa kazini, mjane ana matanga ya kumalizia na barua ya kujibu. Namjua mama mmoja, sitataja jina wala mahali, aliyepewa miezi mitatu kuhama. Waliomwandikia hawakuwa wakatili. Mchungaji mpya alikuwa ameshateuliwa, na nyumba ni moja. Walimwandikia kwa adabu, wakamwombea, wakampa gari la kubeba vyombo. Gari lilikuwepo. Mahali pa kulipeleka ndipo palipokosekana. Mtoto wake wa pili alikuwa amebakiza muhula mmoja kufanya mtihani wa kidato cha nne.

Jambo hili si geni. Luther mwenyewe mwaka 1542 aliandika wosia akimpa Katharina mali na malezi ya watoto, maana alijua sheria za Saxony hazikumpendelea mjane. Alipofariki mwaka 1546 wosia ule ulizua maneno, na mama yule, aliyekuwa amelisha wanafunzi na wageni mezani pake kwa miaka ishirini, alimaliza siku zake kwa vita, madeni na kukimbia, hadi alipofariki Torgau mwaka 1552. Karibu miaka mia tano imepita tangu hapo.

Zipo sharika zilizoanza kufanya kitu, nazo si tajiri kuliko nyingine. Najua mahali ambapo wazee waliamua kwamba mavuno ya mwaka mmoja katika kila miaka mitano yasinunue vipaza sauti wala kiti kipya cha madhabahu, bali yaingie katika akaunti ya kiwanja cha mchungaji, na hati iandikwe kwa majina mawili, la mume na la mke. Pia wamekubaliana kwamba mchungaji akifa, nyumba ya kanisa haiguswi hadi mwaka wa shule uishe, na anayekuja apangishiwe nyumba kwa muda huo. Niliuliza kodi hiyo inatoka wapi. Mwekahazina akanijibu kwamba waliitoa kwenye fungu la chai na soda za vikao, na vikao vyenyewe vikapungua.

Sasa wazee wa kanisa mnaonisikiliza, bajeti ya mwaka ujao iko njiani. Ukurasa wa ujenzi mtaukuta umejaa. Tafuteni mahali palipoandikwa jina la mke wa mchungaji wenu. Kama hamtaliona, andikeni, na mbele yake wekeni tarakimu.

Nitarudi juma lijalo nikijaliwa. Kwaherini.